Nilivyoiingiza Kentucky kichwani

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani, swali lililonishinda lilikuwa jepesi kuliko yote: mji mkuu wa jimbo lako ni upi? Nikajibu Louisville. Binti yangu wa darasa la nne, aliyeshika kadi za maswali, alicheka mpaka akajilaza kwenye zulia. "Mama, Louisville ni mji mkubwa tu. Mji mkuu ni Frankfort."

Mimi ni mtu wa Uvira, na kabla ya kuletwa Lexington, katika jimbo la Kentucky, mwaka 2018 nilikaa miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kwetu mji mkuu ni Kinshasa, na Kinshasa hakuna mji unaoipita. Frankfort haifikishi hata watu 30,000! Mume wangu ndiye aliyenifungua: "Si kama Dodoma na Dar es Salaam?" Tangu hapo sikukosea tena.

Nikaona kumbe dawa ni hiyo. Mtihani wa uraia niliofanya 2023 ulikuwa na maswali 100 uliyopewa mapema. Ofisa alikuuliza yasiyozidi 10, ukipata 6 umepita. Ya jimbo yalikuwa machache: mji mkuu, gavana, seneta, mbunge. Lakini mimi mchana kutwa nazoa samadi kwenye mabanda ya farasi, usiku karatasi inaniponyoka mkononi. Jina lisilo na mahali pa kushikia halikai kichwani. Basi nikaanza kuijua Kentucky yenyewe, hata yale yasiyoulizwa.

Shambani wenzangu walinionyesha ndege wa jimbo: mwekundu, ana kishungi, anaitwa kadinali. Mkatoliki kama mimi unasahauje? Ni joho tupu la kadinali. Jimbo lenyewe wanaliita la nyasi za buluu. Hizo nyasi nazikanyaga kila siku, na ni za kijani kama nyasi za kwingine. Eti zikiachwa zikue bila kukatwa, wakati wa masika vichwa vyake vinapiga buluu. Farasi hawazipi nafasi hiyo.

Kwenye bendera kuna wanaume wawili wameshikana, mmoja kavaa nguo za ngozi za mtu wa porini, mwingine koti la mjini. Mwalimu aliponieleza maneno yanayowazunguka, nikamkatiza: hiyo ni "umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu"! Nimeisikia tangu utoto. Yeye ndiye aliyeshangaa.

Jumamosi moja tukaenda Frankfort, chini ya saa moja kwa gari. Kentucky ilikuwa sehemu ya Virginia mpaka tarehe 1 Juni 1792, ikawa jimbo la 15. Lexington na Louisville zote zilitaka kuwa makao makuu, mwishowe akapewa mdogo. Ndani ya bunge la jimbo, chini ya kuba, amesimama Rais Abraham Lincoln wa shaba. Alizaliwa Kentucky, 1809. Ncha ya kiatu chake inang'aa kwa kusuguliwa na watu wanaotafuta bahati, na mimi nikaisugua, sina haya. Jefferson Davis, aliyeongoza majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani enzi za Lincoln ili yabaki na utumwa, naye mzaliwa wa Kentucky. Sanamu yake ilikuwa humo humo tangu 1936, ikaondolewa 2020.

Jambo moja lilinikaa vibaya. Jimbo hili halikujitenga na Marekani, lakini lilikuwa na watumwa, na mwaka 1865 lilikataa marekebisho ya katiba yaliyokomesha utumwa. Lilikuja kuyaridhia 1976. Mwaka 1974 Muhammad Ali, mtoto wa Louisville, alikuwa ameshampiga George Foreman pale Kinshasa, na marehemu baba alisimulia pambano lile kana kwamba alikaa kando ya ulingo. Nikahesabu: Ali alitoka kwetu na mkanda wake, jimbo lake halijaridhia bado.

Siku ya mtihani viganja vyangu vililowa jasho. Swali la tatu: mji mkuu wa jimbo lako? "Frankfort," nikasema, na kwa woga nikaanza kumwaga habari za 1792. Ofisa akainua kalamu: yatosha, mama. Maswali sita ya kwanza niliyapata yote, akafunga karatasi.

Nyumbani binti alinisubiri mlangoni. "Walikuuliza kadinali?"

Hapana, mwanangu.

"Na bendera?"

Hapana.

Akanuna mpaka wakati wa kula.