Kengele ya shule iliyosoma dakika 89

Dakika zilihesabu vizuri: saba, nane, tisa, halafu kumi na sita. Zikifika ishirini na tano zinaruka tena mpaka thelathini na mbili. Saa ikikaribia kuisha, kioo kinaandika 89. Mwalimu aliyeniletea kengele hiyo ya shule kutoka hapa hapa Mikindani alikuwa ameshakata shauri: "Fundi, chipu imekufa. Niwekee nyingine."

Chipu ilikuwa nzima, DS3231 safi kabisa, ile inayotunza saa. Tatizo liko kwa aliyeandika programu, kijana wa mradi fulani aliyefunga, akapiga picha, akaondoka.

Chipu za saa haziweki namba kwa mtindo wa kawaida wa kompyuta. Kila baiti, yaani biti nane, imegawanywa nusu mbili: biti nne za juu zinabeba makumi, nne za chini zinabeba mamoja. Dakika ya kumi inakaa humo kama 0001 0000. Ukiisoma kama binari ya kawaida unapata 16, na 59 inakuwa 89. Dawa yake mstari mmoja tu: nusu ya juu zidisha kwa 10, ujumlishe nusu ya chini. Ukitaka kuiwekea chipu muda mpya, unageuza hesabu hiyo hiyo kinyume.

Nikarekebisha, dakika zikanyooka. Ila mara moja moja kioo kikaandika dakika 165, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Nina kidude cha USB chenye njia nane cha kuchungulia waya za kidijitali. Nikakibana kwenye SDA, waya wa data, na SCL, waya wa mapigo. Mazungumzo ya I2C, njia ya chipu kuongea kwa waya hizo mbili, ni kama hodi na karibu. Bodi inayoendesha programu inaita anwani ya chipu, 0x68 (0x ni alama ya namba za heksadesimali), ambayo kwenye waya unaiona 0xD0 ikiwa inataka kuandika na 0xD1 ikiwa inataka kusoma, na chipu inajibu kwa kuvuta SDA chini kwa pigo moja. Baada ya hodi bodi inataja rejista 0x00, yaani kijisanduku cha kwanza cha namba ndani ya chipu, inaanza upya, kisha inapokea baiti saba mfululizo: sekunde, dakika, saa, siku ya wiki, tarehe, mwezi, mwaka. Zisomwe zote kwa mkupuo. Mazungumzo yakianza, chipu inanakili muda wake pembeni, kwa hiyo hata sekunde ikigeuka katikati ya kusoma, huchanganyikiwi. Ukidokoa rejista moja moja, saa 10:59 inaweza kukutokea kama 10:00.

Kwenye kioo cha laptop niliona hodi nyingine hazijibiwi. Asipojibu mtu, SDA inabaki juu, kila baiti inasomeka FF, yaani biti zote ni 1, na FF kwa hesabu ile ya makumi na mamoja ni 165. Programu haikuwa inaangalia jibu hata kidogo. Inachukua chochote inachokikuta!

Nikaenda shuleni. Chipu ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, bodi iko nje chini ya mabati karibu na kengele, na katikati waya mrefu mwembamba uliopita juu ya dari. I2C ilibuniwa na Philips miaka ya 1980 kwa chipu zinazokaa ndani ya kifaa kimoja. Waya ukirefuka, kapasitansi, yaani uwezo wake wa kushika chaji, inaongezeka (kikomo ni pikofaradi 400) na mapigo yanachelewa kupanda. Nikaihamishia chipu ubavuni mwa bodi, nikafunga rezista mbili za kiloomu 4.7 za kuvuta waya juu. Waya mrefu ukabaki wa kengele peke yake, unaoendeshwa na rilei, swichi ya umeme. FF hazikuonekana tena.

Kuna jambo la betri ambalo wauzaji hawasemi. Bodi ndogo nyingi za DS3231 zina diodi na rezista zinazopeleka chaji kwenye betri. Ukiweka CR2032 ya kawaida, ile betri ya kidonge, ambayo haichajiwi, na bodi inakula volti 5, unaitesa. Mimi huing'oa hiyo rezista kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa chumvi hii ya pwani, kagua vibano vya betri, vinaota ukungu wa kijani upesi.

Walimu walitaka kioo kiseme saa moja asubuhi, si 07:00. Ndani ya chipu nimeacha saa 24. Kwenye kioo tu najumlisha 6, nagawa kwa 12, nachukua baki, na baki ikiwa sifuri naandika 12. Siku za wiki chipu inahesabu 1 hadi 7 bila kujali unaanzia wapi, nikaipa Jumamosi namba 1. Ijumaa ikawa 7, siku ambayo kengele ya mwisho inalia mapema.

Mwisho nikaongeza ukaguzi wa biti namba 7, ya juu kabisa, ya rejista 0x0F. Ikiwa 1, maana yake saa iliwahi kusimama, labda betri imeisha au imechomolewa. Hapo taa nyekundu inawaka na kengele inanyamaza. Mwalimu hakupenda.

"Sasa isipolia, fundi?"

"Ile ringi ya gari mliishusha kwenye mkorosho?"

"Ipo."

"Basi igongeni, kisha mnipigie simu."