Nilivyojifunza kuchuma beri za porini bila kubahatisha

Macho hukimbilia tunda jeusi lililoiva, lakini mimi nimejizoeza kuanza na mmea. Nilichagua kichaka kimoja cha beri nyeusi, wa jamii ya Rubus (ndiyo jamii ya beri nyeusi na rasiberi), nikakifuatilia tangu kilipotoa maua. Shina lake lina miiba, limepinda kama upinde, na ncha ikigusa udongo huota mizizi. Kila jani limegawanyika kuwa vijani vitatu hadi vitano vyenye kingo za msumeno. Ua lina petali tano, nyeupe au za waridi hafifu, na stameni tele katikati. Shina la mwaka wa kwanza kwa kawaida hutoa majani tu. Mwaka wa pili huzaa, kisha hufa. Ndiyo maana kichaka kimoja huwa na mashina yenye matunda na mengine hayana kitu.

Tunda ni vitunda vidogo vingi vilivyoshikamana, kila kimoja na mbegu yake. Beri nyeusi hung'oka na kiini chake cheupe. Rasiberi huacha kiini kwenye mmea, ikabaki na tundu ndani.

Mmea ulionifundisha umakini ni lantana. Nao mara nyingi una miiba, nao hubeba vishada vya vitunda vyeusi, na vile vibichi vina sumu. Mtu mwenye haraka anaweza kudanganyika. Ila shina lake lina pembe nne, majani hayagawanyiki, hukaa mawili mawili yakitazamana, na ukilifikicha moja harufu kali hukupanda puani. Dalili moja ya Rubus ikikosekana, sichumi, na watoto nawafundisha hivyohivyo.

Kuchuma kwenyewe ni kazi nyepesi ukivaa mikono mirefu. Lililoiva huachia kwa kuvutwa kidogo tu. Jekundu naliacha, maana beri nyeusi haiivi tena ikishachumwa. Sichumi kando ya barabara wala karibu na mashamba yanayopuliziwa dawa, na matunda ya chini kabisa nawaachia wanyama.

Siku ya kwanza nilikula machache, nikasubiri nione mwili unavyoyapokea. Nyumbani huyaloweka kwenye maji ya chumvi ili funza, kama wamo, watoke, kisha nayasuuza. Nafanya hivyo muda wa kula ukifika, kwa sababu yakikaa na maji huota ukungu upesi.