Besi iliyokosekana kwenye kaseti ya mama mkubwa

Mama mkubwa alinikabidhi kaseti imefungwa kwenye kipande cha khanga, akasema, "Mwanangu, si wewe ndiye fundi wa hizo kompyuta? Hebu tutilie besi humu." Kwaya yao ya hapa Mwanga, Kigoma, ilirekodiwa kanisani miaka ya 1990 kwa maiki moja tu. Solo lipo, ridhimu lipo, kayamba ndiyo usiseme. Mpiga besi siku hiyo alikuwa amekwama ng'ambo ya ziwa, boti haikutokea, na wenzake hawakumsubiri.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilinila wiki tatu.

Kuingiza sauti kwenye kompyuta hakukunisumbua: redio kaseti yake mwenyewe, waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la maiki, basi. Nikaufungua wimbo kwenye Reaper, programu ya kurekodi muziki unayoruhusiwa kuijaribu siku 60 bila kulipa. Nikakaa na kinanda kutafuta noti ya do. Noti ya G ilikuwa chini kidogo, inayoifuata ilikuwa juu mno. Kumbe mota ya redio inakimbia. Kaseti ikizidisha mwendo kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima hupanda nusu toni. Huu ulikuwa umepanda kama theluthi ya hapo. Ningeweza kuurudisha chini, lakini mama mkubwa ameusikia hivyohivyo kwenye redio hiyo miaka yote, sikuona sababu ya kumbadilishia sauti yake. Nikaacha wimbo ulivyo, nikapandisha besi senti 35. Nusu toni ina senti 100, kwa hiyo hesabu ilikubali.

Kilichonitoa jasho ni mwendo. Nilipima mapigo ya mwanzo nikapata 104 kwa dakika, nikaiwekea programu hivyo, nikachora noti za besi moja moja kwenye mistari yake, zimenyooka kama askari wa gwaride. Ubeti wa kwanza, safi. Kufika kiitikio cha pili besi iko nyuma, na kwenye chombezo la mwisho ilikuwa inapiga wimbo wake peke yake. Wale watu hawakuwa na kidude cha kuwahesabia. Wakinogewa, wanakimbia: mwishoni walikuwa kwenye 109. Nikajaribu kuuvuta wimbo ukae kwenye mistari, sauti za wamama zikaanza kutetemeka kama wanaimba ndani ya pipa. Nikafuta kila kitu.

Usiku huo nilizima mistari, nikapiga kwa mkono kwenye kinanda huku nikiwa nimetegea sikio ridhimu peke yake. Hapo nako kulikuwa na kasoro: nikigusa, sauti inachelewa. Akiba ya sauti, yaani kile kiasi ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, ilikuwa sampuli 1024 (vipande vidogo vya sauti), sawa na milisekunde 23 kwa kiwango cha sampuli 44,100, na bado kuna ucheleweshaji mwingine wa kompyuta yenyewe. Niliposhusha hadi 256, vidole na masikio vikapatana.

Lakini G ya chini ilikuwa inavimba na kunywea, wau-wau-wau. Nilihangaika nikidhani ni ile sauti ya besi niliyoipakua. Ulikuwa mngurumo wa umeme ulioingia kwenye rekodi. Umeme wetu una hertz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na G ya chini ya besi ina 49, ukiipandisha senti 35 inakaribia 50, hivyo vilikuwa vinagombania kiti kimoja. Nikakata kwenye rekodi ya zamani kila kilicho chini ya hertz 90. Waimbaji hawakupoteza chochote, maana hakuna aliyekuwa akiimba huko chini.

Nikampelekea yule mpiga besi mwenyewe, mzee sasa. Shikamoo, marahaba, akavaa hedifoni. Alisikiliza hadi nusu akazivua.

"Mjukuu wangu, unaongea sana. Wanapoimba, wewe nyamaza. Wakivuta pumzi, hapo ndipo pako."

Akaanza kuniimbia kwa mdomo, du-dum, du, anagonga goti. Nikamrekodi kwa simu. Miaka hiyo yote, na bado anakumbuka pa kupita kutoka fa kwenda so. Besi iliyomo sasa ni ile ya mdomoni mwake, mimi nimeiandika tu. Noti zangu zaidi ya nusu niliziondoa, na sikuzikumbuka tena.

Mama mkubwa alipoufungua kwenye simu yake akauliza, "Besi yenyewe iko wapi?" Haki yake. Spika ndogo ya simu haitoi hertz 50 hata uibembeleze. Nilirudi nikaitia besi mkwaruzo kidogo, zikatokea sauti za juu yake, na sikio linajaza lenyewe kilichokosekana chini. Nikaujaribu na kwenye bajaji moja ya pale stendi. Dereva alipandisha sauti bila kuombwa, nikajua tumefika.

Upande B una nyimbo nne. Mmoja una kinanda, na mkono wa kushoto wa mpigaji unazurura kulekule besi inakotakiwa kukaa. Mzee anasema nimkate. Mama mkubwa anasema nisithubutu, huyo ndiye aliyewafundisha kwaya. Wimbo huo bado haujaguswa.