Yaya amerudi masomo na miaka 41

Yaya, dada yangu mukubwa, aliachaka masomo mu G2 (mwaka ya pili ya gradua, masomo ya juu), mimba ya kwanza na deni ya minervali, feza ya masomo, bikamukuta mwezi moja, mimi nilikuwa bado mu primeri. Leo anauza bitenge ku soko ya Kadutu, Bukavu, na anapiga hesabu bila kalkilatrisi, lakini mutu akitaja diplome ananyamaza.

Mwaka jana nikamuambia yaya twende tu tuulize. Kwanza kutafuta karatasi ya pointi: ilikuwa chini ya sanduku, imekunjwa mara ine, na pale pa mukunjo kozi mbili hazisomeke tena. Tunafika ku biro ya masomo, baba wa pale anaangalia, anacheka, eti G2 haiko tena. Ni kweli, tangu 2021-2022 Kongo iliingia mu LMD (lisansi, masta, doktora), ile gradua ya miaka 3 na lisansi ya 2 bikaisha, sasa lisansi yenyewe ni miaka 3, krediti 180 (krediti njo kipimo ya kozi), halafu masta miaka 2. Sasa kozi za zamani unazigeuza krediti namna gani? Hapo njo batu wengi banarudiaka kwao, na mimi nilikasirika sana.

Tulirudi mara tatu mpaka mama mumoja sekreteri akachukua bik, akalinganisha kozi moja moja, akaacha sita tu za kurudilia.

Sasa watoto wa promosyo yake, wenye anasoma nabo, banamuita "mama", umeme ikikatika anasoma na toshi ya telefone. Jana usiku kaniamsha: "We, hii PDF inafungukaka wapi?"