Umri, Uzito na Nyufa: Lini Ubadilishe Matairi ya Trela la Kusafiria

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki ninazozifahamu hapa Minnesota, trela la kusafiria limeanza kuwa sehemu ya maisha ya kiangazi. Ni nyumba ndogo yenye vitanda, jiko na choo, inayokokotwa nyuma ya pikapu, na mzazi mwenye watoto wanne au watano huielewa hesabu yake upesi akishaulizia bei ya vyumba viwili vya hoteli karibu na Badlands au Black Hills, sehemu za kitalii za jimbo jirani la South Dakota, mwezi wa Julai. Wengi wetu hununua matrela yaliyokwisha kutumika. Siku ya kwenda kuliangalia tunakagua paa kama linavuja, friji kama inagandisha na sakafu kama imeoza, lakini matairi hutupiwa jicho mara moja tu. Michirizi yake ikionekana bado ina kina, mnunuzi huridhika, akalipa.

Mimi ni mtu wa Moshi, na kazi yangu hapa Marekani ni kuendesha malori ya masafa marefu, kwa hiyo matairi ndiyo kitu ninachokikagua kila asubuhi kabla sijawasha injini. Ningependa wenzangu waelewe kwamba tairi la trela la kusafiria halifi kama linavyokufa tairi la lori au la gari dogo. Anayesubiri lipate kipara ndipo alibadilishe, aghalabu atalibadilisha kando ya barabara kuu huku malori yakimpita kwa kasi na watoto wake wamesimama kwenye nyasi.

Tulikotoka, tairi huhukumiwa kwa kipara, na hukumu hiyo ina sababu yake. Daladala hutembea tangu alfajiri hadi usiku, mpira unalika kila siku, na tairi linakwisha kabla halijapata nafasi ya kuzeeka. Lori langu nalo liko hivyo hivyo. Trela la kusafiria, kinyume chake, hapa kwetu huegeshwa mwezi wa Oktoba na kukaa chini ya theluji hadi Aprili au Mei, kisha hutembezwa wiki chache za kiangazi na kurudishwa uani. Matairi yake yanaweza kutimiza miaka sita huku michirizi ikiwa karibu kama ilivyotoka kiwandani, na ndiyo maana kina cha michirizi ndicho kipimo kinachowapoteza watu wengi kuliko vyote.

Mpira wa tairi huchanganywa na nta pamoja na kemikali za kuukinga dhidi ya ozoni na mwanga wa jua. Kinga hiyo hupanda kutoka ndani na kufika juu kidogo kidogo, tairi linapozunguka na kunepa chini ya mzigo. Tairi likisimama miezi mingi, kinga iliyoko juu hupungua na nyingine haipandi ipasavyo kuchukua nafasi yake, huku jua likichoma upande uleule na uzito ukilalia mahali palepale. Kibaya zaidi ni kinachotokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Oksijeni iliyomo katika upepo ulioshindiliwa hupenya polepole kwenye mpira unaoshikanisha mikanda ya nyaya za chuma, na mpira huo unakakamaa na kupoteza nguvu yake ya kushika. Siku ya joto kali, trela likiwa limejaa na mwendo ukiwa mkubwa, mikanda inaachana na mpira wa juu unabanduka wote. Vile vipande vyeusi vinavyotapakaa kwenye mabega ya barabara kuu za Marekani si vya malori peke yake.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua tairi lina umri gani, na hilo halihitaji fundi. Chukua kitambaa chenye maji na tochi, inama karibu na gurudumu, na utafute herufi DOT kwenye ubavu wa tairi. Baada yake hufuata mfululizo wa herufi na tarakimu, na nne za mwisho ndizo unazozitaka: mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Ukikuta 3119, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2019, yaani mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti. Usipoziona tarakimu hizo usikate tamaa wala usimwamini muuzaji anayesema zimefutika, kwa sababu mara nyingi namba kamili huandikwa ubavu mmoja tu, na ubavu huo unaweza kuwa umegeukia ndani. Itakubidi uingie chini ya trela na kumulika kutoka upande wa ekseli. Soma kila tairi peke yake, pamoja na la akiba, maana si ajabu kukuta matatu ya mwaka mmoja na la nne la mwaka mwingine. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai tena safari yoyote.

Kuhusu umri wenyewe, kuna kauli zinazotofautiana na ni vizuri kuzitenganisha. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa barabarani, NHTSA, hueleza kwamba baadhi ya watengenezaji wa magari hupendekeza matairi yabadilishwe yakitimiza miaka sita bila kujali michirizi, na kwamba baadhi ya watengenezaji wa matairi huweka miaka kumi kuwa ukomo. Kauli hizo zililenga hasa magari ya kawaida. Kwa matairi ya trela, yale yenye herufi ST mbele ya ukubwa wake, ushauri unaosikika zaidi kwa watengenezaji na mafundi ni miaka mitatu hadi mitano, na mimi naufuata. Kuanzia mwaka wa tatu nayakagua kwa ukali kila majira ya kuchipua, na yakifikia mitano tangu tarehe ya kutengenezwa nayabadilisha yote, hata kama hayana ufa. Mtu akiniambia kwamba ya kwake yana miaka saba ila yametembea kidogo sana, kwangu hiyo ni sababu ya kuyatilia shaka zaidi, kwa kuwa kusimama ndiko kulikoyazeesha.

Hata hivyo umri hausemi kila kitu, kwani tairi la miaka miwili linaweza kuwa limeshaharibika. Magari ya binafsi na matrela yake hayana ukaguzi wa lazima wa kila mwaka hapa Minnesota, hivyo mkaguzi ni wewe mwenyewe. Tazama ubavu na mashina ya michirizi kwa tochi. Nyufa nyembamba kama unywele zinataka uangalizi wa karibu, lakini nyufa zinazofunguka ukizibonyeza kwa kidole gumba, au zinazoonyesha nyuzi za ndani, zimemaliza mjadala. Kisha pitisha kiganja polepole juu ya mpira unaokanyaga barabara, duara lote. Ukihisi kiganja kinapanda mahali fulani kama kwenye uvimbe, kuna uwezekano mkubwa kwamba mikanda imeanza kuachana, na tairi hilo halipaswi kusafiri hata kurudi nyumbani. Njia bora zaidi ni kuinua upande mmoja kwa jeki, jeki ikiwekwa pale kitabu cha trela kinapoelekeza (mara nyingi kwenye fremu, si kwenye bomba la ekseli), halafu kulizungusha gurudumu kwa mkono huku umechuchumaa nyuma yake. Tairi zima huzunguka likiwa limenyooka. Lililoachana ndani huyumba, au hupanda na kushuka. Kwenye matrela ya ekseli mbili ukaguzi huu ni wa lazima zaidi, kwa sababu kila unapokata kona kali kituo cha mafuta au kambini, matairi huburuzwa kwa ubavu juu ya lami, na msukosuko huo unaipiga mikanda kuliko kilomita nyingi za barabara iliyonyooka.

Sasa nije kwenye uzito, ambao kwa maoni yangu ndio unaoua matairi mengi kabla ya umri wake. Chukua trela la kawaida la ekseli mbili ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni pauni 7,000, yaani kilo 3,175. Matrela mengi ya kiasi hicho huja na matairi ya ukubwa wa ST205/75R14 ya daraja la mzigo C (herufi inayoonyesha uwezo wa tairi kubeba), na kila moja hubeba pauni 1,760, takriban kilo 800, likiwa na presha ya psi 50, yaani pauni 50 kwa kila inchi ya mraba. Mara nne ni pauni 7,040. Ziada ya trela zima ni pauni 40 tu, karibu sawa na galoni tano za maji. Ni kweli kwamba pikapu hubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo kwenye ndoano, na hapo matairi yanapata nafuu. Lakini mzigo haugawanyiki sawa kushoto na kulia. Upande wenye jiko, friji na chumba cha kusukuma nje (kile kinachotokezwa ukutani trela likishaegeshwa ili kuongeza nafasi) huwa mzito, na sisi tunaongeza masufuria makubwa, gunia la mchele, mkaa wa kuchomea nyama na maji ya tangi kabla ya kuondoka. Tairi moja linaweza kuwa limezidiwa wakati jumla ya trela inaonekana kuwa halali.

Madereva wenzangu wa malori wanaijua dawa yake: mizani za CAT Scale zilizopo kwenye vituo vikubwa vya malori, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia kwa dola chache. Pima trela likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, si likiwa tupu. Ukikuta kwamba uko karibu na ukomo, wakati wa kubadilisha ndio wakati wa kupanda daraja: tairi la ukubwa uleule la daraja D hubeba pauni 2,040 kwa psi 65. Hakikisha tu kwamba rimu imeidhinishwa kwa presha hiyo, kwani uwezo wake huandikwa au kugongwa kwenye chuma, na ukienda juu zaidi, mpaka yale ya psi 80, weka valvu za chuma badala ya za mpira. Kupanda daraja hakuongezi uzito ambao ekseli na fremu zinaruhusiwa kubeba. Kunayapa matairi nafasi ya kupumua, basi.

Presha na mwendo vinakwenda pamoja na hayo. Uzito ulioandikwa ubavuni ni halali kwa presha iliyoandikwa pale pale, ikipimwa asubuhi matairi yakiwa baridi, na upepo hupungua karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi zinazoshuka, kwa hiyo trela lililojazwa kiangazi huamka majira ya kuchipua likiwa na upepo pungufu. Matairi mengi ya ST ya miaka ya nyuma yalikusudiwa kasi isiyozidi maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105. Barabara ya I-90 ukishavuka kuingia South Dakota inaruhusu maili 80. Kibali hicho cha barabara hakikubadilishii tairi, na lililowahi kukimbizwa hivyo likiwa na upepo mdogo lihesabu kuwa limeumia, hata kama halionyeshi.

Vilevile, tairi moja likipasuka kwenye trela la ekseli mbili, usibadilishe hilo peke yake ukaendelea. Mwenzake wa upande uleule aliubeba mzigo wa wawili kuanzia pale lilipopasuka mpaka uliposimama, na mara nyingi ndilo linalofuata kupasuka. Mimi ningebadilisha yote mawili ya upande huo, na kama umri wao ni mmoja, ningebadilisha yote manne.

Najua dola 500 au 700 za seti nzima si kitu kidogo. Kwa wengi wetu fedha hizo ziko kwenye foleni moja na ada ya shule ya mdogo wetu na dawa za mama, na aliyeko nyumbani hawezi kuelewa kwa nini zitumike kubadilisha matairi ambayo bado yana michirizi. Lakini mpira unaobanduka kwa kasi ya barabara kuu huichapa trela kutoka chini kama mjeledi: hupasua kizimba cha gurudumu, hukata nyaya za breki, huweza kung'oa bomba la gesi, na hutoboa mpaka kwenye kabati la ndani. Matengenezo yake hufikia maelfu ya dola, mbali na hatari kwa walio kwenye gari lililo nyuma yako. Kwa anayenunua trela lililotumika, tarehe za matairi zisomwe kabla ya kukubaliana bei, na bei ya seti mpya iwekwe mezani siku hiyo hiyo.

Unapofika dukani, omba kusoma tarakimu nne za tairi jipya kabla halijafungwa kwenye rimu. Tairi lililokaa stoo miaka miwili linauzwa kama jipya, nawe utakuwa umeshapoteza sehemu kubwa ya ile mitano. Likatae kwa upole uombe jingine. Jaza fomu ya kuliandikisha kwa mtengenezaji, ili likiitwa kurudishwa kwa kasoro upate taarifa. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trela, halafu zikazwe tena baada ya maili 50 za kwanza, kwa sababu hulegea rimu inapojikalisha. La akiba nalo libadilishwe kwa kalenda ileile, na lifunikwe, maana lile linaloning'inia nyuma ya trela hupigwa na jua mwaka mzima bila kuzunguka hata mara moja.