Nilivyopunguza metani ya mpunga Kamanyola kwa kipande cha tiyo (bomba la plastiki)

Hapa Bukavu ukitaja metani, gesi inayochangia kuipasha dunia joto, watu wote hufikiria Ziwa Kivu, na wana haki, kwa kuwa ziwa letu limehifadhi katika kina chake takriban mita za ujazo bilioni 60 za gesi hiyo. Metani iliyonishughulisha mimi ni nyingine: ile inayotoka katika majaruba ya mpunga ya Bonde la Ruzizi, upande wa Kamanyola, ambako ninashirikiana kama agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, na chama kidogo cha wakulima. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba mkulima mdogo wa Kongo hana la kufanya kuhusu gesi hizi hadi aletewe mitambo kutoka nje. Sisi tumefanya, na mavuno hayakushuka.

Ushauri wa kwanza niliopewa, ambao ulitupotezea msimu mzima, ni kwamba hatuwezi kupunguza kitu ambacho hatujakipima. Basi tukajaribu kupima. Tulichomeka pete ya plastiki kwenye tope ikazunguka mashina machache ya mpunga, tukafunika kwa ndoo kubwa iliyogeuzwa, maji ya jaruba yakaziba ukingo wake, na kwenye kitako tukapachika kizibo cha mpira cha chupa ya dawa ili sindano ipenye bila hewa kuvuja. Tulitandika mbao za kukanyagia, kwa maana mguu ukididimia kwenye tope hufukuza mapovu ya gesi na kuharibu kipimo. Kila baada ya dakika chache kijana mmoja alivuta hewa kwa sindano na kuihamishia kwenye vichupa. Kazi ilikuwa safi kabisa. Kilichokosekana ni mashine ya kuchambua gesi: maabara iliyotuahidi ilituzungusha wiki nyingi, kisha ikasema kifaa chake ni kibovu, na vichupa vyetu vikabaki kabatini. Fedha zilizokwenda kwenye sindano, mbao na usafiri wa kushuka mteremko wa Ngomo hadi bondeni zingenunua mbegu za msimu kwa familia kadhaa, na jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Baada ya hapo nilishika hesabu. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ambao hutumiwa na nchi zisizo na vipimo vyake zenyewe, unakadiria kwamba hektari moja ya mpunga iliyofurika maji muda wote, bila kuongezewa mabua wala samadi, hutoa kilo 1.30 za metani kwa siku. Kwa mpunga wa siku 120 hizo ni kilo 156. Jaruba likikaushwa zaidi ya mara moja katika msimu, mwongozo huohuo unazidisha kwa 0.52, yaani zinabaki kama kilo 81. Sababu yake inaeleweka: vijiumbe vinavyotengeneza metani hufanya kazi mahali pasipo oksijeni, na tope likipata hewa kazi yao husimama. Kwa hiyo tulichohitaji si mtambo, bali namna ya kujua jaruba likaushwe hadi wapi bila mpunga kuumia.

Namna hiyo ni tiyo yenye matundu, ambayo watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, wameieneza sana huko Asia. Tulikusanya vipande vya tiyo nene za choo vilivyobaki kwa mafundi wa ujenzi, tukavikata urefu wa sentimita 30, tukatoboa matundu kwa msumari uliopashwa moto kwenye makaa. Hakikisheni mnakwangua kwa kisu zile ncha za plastiki zinazobaki ndani ya matundu, maana hushika tope na kuziba. Sentimita 20 huzama ardhini na 10 hubaki juu, kisha tope lililoingia ndani huchotwa lote hadi chini, ili maji ya ndani ya tiyo yaonyeshe kimo cha maji yaliyo udongoni.

Kanuni ni kwamba maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, unafungulia mfereji hadi yafike sentimita 5 juu yake. Kuishika kanuni hiyo na rula mkononi, katikati ya tope, ni taabu. Nilichonga ufito wa tete wenye mikato miwili, mmoja sentimita 5 kutoka chini na mwingine sentimita 25. Ufito unasimamishwa ndani ya tiyo: ukilowa hadi mkato wa chini tu, fungulia maji, ukilowa hadi mkato wa juu, funga. Hakuna kusoma namba, na watoto waliutumia bila kufundishwa mara ya pili. Ninajivunia ufito huo kuliko ripoti zote nilizowahi kuandika.

Mama mmoja mwenye jaruba mwishoni mwa mfereji alinikabili mbele ya wote: «Agronomu, udongo ukipasuka, utatulisha wewe?» Nilimjibu kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kupandikiza, na tangu wiki moja kabla ya mpunga kuchanua hadi wiki moja baadaye, hatukaushi hata kidogo. Kilichomshawishi hatimaye hakikuwa hesabu zangu za gesi. Wenye majaruba ya juu walipoanza kukausha kwa zamu, maji yalianza kumfikia, na ugomvi wa usiku kwenye mfereji ukapungua.

Nilionywa pia, na mtu aliyesoma kuliko mimi, kwamba kukausha kunazalisha oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kwa miaka 100 hupasha joto mara 265 kuliko kaboni dioksidi, wakati metani ni mara 28. Ni kweli inaongezeka, lakini onyo hilo halikupigiwa hesabu. Kilo 100 za mbolea ya urea zina kilo 46 za nitrojeni. Mwongozo unakadiria sehemu ya nitrojeni hiyo inayogeuka kuwa oksidi ya nitrasi: hata nikiacha kiwango cha jaruba lililofurika, 0.003, na kuchukua kile cha shamba kavu kabisa, 0.01, ongezeko ni sawa na kilo 134 hivi za kaboni dioksidi kwa hektari, ilhali metani iliyopungua ni sawa na kilo 2,100 hivi. Zaidi ya hayo, tunamwaga urea kwenye udongo mkavu muda mfupi kabla ya kufungulia maji, ili yaizamishe.

Linalobaki ni mabua. Wengine wanayachoma, na moto huo nao hutoa metani na oksidi ya nitrasi. Wengine wanayafukia siku chache kabla ya kufurisha maji, jambo ambalo ni kuvilisha vijiumbe vilevile. Mwongozo unahesabu mabua yaliyofukiwa zaidi ya siku 30 kabla ya maji kwa 0.29 tu ya athari ya yale yaliyofukiwa karibuni, na mboji kwa 0.05. Chama kimekubali kujaribu mboji kwenye majaruba ya mwisho wa mfereji, na yule mama ndiye aliyejitolea kwanza kuweka lundo kwake.