Mwanzi Mmoja Uliozaa Canon na Cannon

Yeyote anayefasiri maandiko ya Kiingereza kwenda Kiswahili hukutana mapema na jozi ya maneno yanayotamkwa sawasawa na kutofautiana kwa herufi moja tu: canon, lenye n moja katikati, na cannon, lenye n mbili. La kwanza hutaja sheria ya Kanisa, orodha ya vitabu vinavyokubaliwa kuwa vitakatifu, cheo cha kasisi wa kanisa kuu, na hata aina ya utungo wa muziki. La pili hutaja mzinga wa vita. Waandishi wa Kiingereza wenyewe huyachanganya mara kwa mara, na kosa hilo lina historia ndefu, kwa sababu hadi karibu mwaka 1800 tahajia za maneno haya mawili zilikuwa hazijatenganishwa. Katika toleo la tamthilia za Shakespeare lililochapwa London mwaka 1623, Hamlet anapolalamika kwamba Mungu ameweka sheria dhidi ya kujiua, neno la sheria hiyo limepigwa chapa kwa n mbili, yaani kama mzinga. Wafaransa hadi leo huandika canon kwa maana zote mbili, na msomaji hutambua inayokusudiwa kutokana na sentensi.

Mchanganyiko huu si wa bahati mbaya. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba maneno yote mawili yamechipuka kutoka shina moja, nalo ni neno la kale la lugha za Kisemiti lenye maana ya tete au mwanzi, ambalo Wagiriki walilichukua kwa umbo la kanna. Ukikata mwanzi ukautazama kwa makini, utaona sifa mbili ambazo ndizo zilizoligawa neno. Kwanza, umenyooka, kwa hiyo unafaa kupimia. Pili, uko wazi ndani, kwa hiyo ni bomba. Unyoofu wake umezaa canon, na uwazi wake umezaa cannon.

Matumizi ya kupimia tunayo hata katika Biblia ya Kiswahili. Katika sura ya 40 ya kitabu cha Ezekieli, nabii anamwona mtu amesimama langoni mwa hekalu akiwa na uzi wa kitani na mwanzi wa kupimia, na mwanzi huo una urefu wa dhiraa sita. Neno la Kiebrania lililoko hapo ni qaneh, ndugu wa damu wa lile la Kigiriki. Kutokana nalo Wagiriki walipata kanon, rula ya fundi, kisha wakalipandisha kutoka karakana hadi kwenye fikra: mchongaji Polykleitos, wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kitabu kwa jina hilo kueleza uwiano sahihi wa viungo vya mwili wa binadamu.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopaswa kusimama kidogo, kwa sababu neno hili halikuishia Ulaya. Waarabu walilipokea kutoka kwa Wagiriki wakalifanya qanun, nasi tukalipata kwao tukasema kanuni. Ibn Sina alipokamilisha kitabu chake kikuu cha tiba mwaka 1025 alikiita Al-Qanun fi al-Tibb, na Sultani Suleiman wa dola ya Osmani, aliyetawala kuanzia 1520 hadi 1566, anakumbukwa na Waturuki kwa lakabu ya Kanuni kutokana na sheria alizozipanga. Paulo, katika sura ya mwisho ya waraka kwa Wagalatia, anawatakia amani wote watakaoenenda kwa kanuni hiyo. Na neno aliloliandika yeye mwenyewe kwa Kigiriki mahali hapo, kwa mnyambuliko unaotakiwa na sarufi yake, ni kanoni. Nafurahi kila nikiusoma mstari huo, kwa maana ni nadra neno kuzunguka dunia kupitia Uarabuni kisha likarudi kukaa katika sentensi ileile lilikotumika mwanzo.

Hata hivyo, udugu huo una mtego wake. Mfasiri akiona canon asikimbilie kuandika kanuni pasipo kufikiri. Wakristo wa Kiswahili husema Kanuni ya Imani, lakini Waingereza huliita tamko hilo creed. Canon ya Biblia ni orodha ya vitabu, kama ile ya vitabu 27 vya Agano Jipya ambayo Askofu Athanasi wa Aleksandria aliitaja katika barua yake ya mwaka 367, na ndiyo maana Wakatoliki huviita baadhi ya vitabu vya Agano la Kale vya deuterokanoni, yaani vya orodha ya pili. Canon law ni Sheria za Kanisa, ambazo mkusanyo wake wa mwaka 1983 una vifungu 1752. Cheo cha kasisi, kwa maoni yangu, kibaki Kanoni kama Waanglikana wanavyosema.

Wazanzibari wana kanuni nyingine, ambayo wengine huitamka ganuni, nayo husikika katika taarab ya vikundi vikongwe kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Ni ala bapa inayolazwa mapajani, nyuzi zake zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na mpigaji huzidonoa kwa vipande vidogo vilivyobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Jina lake limetoka kwenye kanon ya Wagiriki, kifaa cha uzi mmoja uliovutwa juu ya kipimo ili kukadiria umbali kati ya sauti na sauti.

Upande wa bomba una watoto wengi pia. Waitalia waliongeza ukubwa wa canna, yaani mwanzi au bomba, wakapata cannone, bomba kubwa, na Waingereza wakapata cannon. Kutoka shina hilohilo wana canal na channel kwa njia za maji, na canyon, korongo lenye kuta ndefu, kupitia Kihispania. Kiswahili nacho kimeiona silaha hii kwa jicho lilelile bila kukopa: mzinga ni gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini ili nyuki waingie, na ndilo jina la silaha ambayo rais hupigiwa mara 21 kwa heshima, na ambayo imeipa jina barabara ya Mizingani huko Mji Mkongwe.

Wako pia wanaofanana nao bila kuwa ndugu. Cannon ya mchezo wa biliadi, yaani mpigo ambao mpira mmoja unagonga miwili, imetokana na carom, neno la asili nyingine kabisa. Kampuni ya kamera ya Japani nayo iliipa kamera yake ya majaribio ya mwaka 1934 jina la Kwanon, kwa heshima ya Kannon, mwenye huruma katika dini ya Kibudha. Mwaka 1935 iliomba kusajili jina la Canon, lenye sauti ya karibu na lile la kwanza, kwa sababu ilitaka lenye maana ya kipimo na kiwango. Ndiyo maana kamera hizo huandikwa kwa n moja.